Mwenye apatimenti akikurekodi chumbani kwa siri, mgeni una haki gani? (Imetokea Mwanza)

#1 MwanaIsamilo
Wakuu, habari za muda huu. Naomba wenye kujua sheria wanisaidie, jambo ni la moto.

Mdogo wangu wa kike na mumewe walikuja Mwanza kwenye harusi. Nyumbani kulijaa wageni, kwa hiyo dalali akawatafutia apatimenti ya kulala kwa siku, upande wa ziwani huku Ilemela. Chumba kizuri, ukifungua pazia unaona mawe na maji. Usiku umeme ukakatika. Shemeji akawasha tochi ya simu atafute maji ya kunywa, mwanga ukapita ukutani, akaona kitu kinang'aa kwenye kichwa cha chaja kilichochomekwa karibu na meza ya vipodozi, kimeelekea kitandani. Akakichomoa. Mbele kina tundu dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, ndani yake kioo. Ubavuni kuna mlango mwembamba, ukiufungua kwa ukucha unakuta memori kadi.

Asubuhi wakampigia mwenye nyumba, na wala hakukana. Akasema nyumba ni yake, vitu ni vyake, kamera ni ya ulinzi kwa sababu wageni wanamwibia. Shemeji akaondoka na ile chaja. Sasa yule bwana anatuma ujumbe kila saa: asiporudishiwa kifaa chake anakwenda kufungua kesi ya wizi.

Mdogo wangu halali. Anawaza picha zake ziko wapi, nani ameziona. Nauliza: ana haki gani? Aanzie polisi au wapi? Na hilo la wizi lina mashiko?

#2 KokotoLaBismarck
Pole sana kwa familia, mkuu. Hiyo chaja isirudi kwa mwenyewe hata kwa dawa. Ikirudi tu, hamna kesi.

#3 Wakili wa Makoroboi
Pole mkuu. Nitaandika kirefu kidogo kwa faida ya wengine.

Msingi ni Katiba ya 1977, ibara ya 16. Kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, pamoja na maskani yake na mawasiliano yake. Kwa zile siku walizolipia, chumba kile ndiyo maskani yao. Hati ya nyumba haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuangalia kitanda cha aliyempangisha.

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Anayeikusanya anapaswa kumjulisha mhusika kabla, aseme anakusanya kwa sababu gani, na sababu hiyo iwe halali. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Inaweza kuchunguza, kuamuru, na kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100. Mhusika anaweza pia kudai fidia.

Kuhusu wizi, Kanuni ya Adhabu inataka pawe na nia ya udanganyifu, na mtu awe amechukua bila kuwa na haki anayoidai. Aliyechukua kifaa kilichomrekodi akiwa faragha ili akipeleke polisi si mwizi. Ila akipeleke kweli! Kikikaa wiki tatu kwenye droo ya kabati, hoja ya mwenye nyumba inaanza kupata miguu.

Kwa hiyo leo hii: asiwashe kile kifaa. Asichomeke ile kadi kwenye kompyuta "kuangalia tu". Akiweke kwenye bahasha, aende polisi, apate RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni), na mpelelezi akipokee kwa hati ya kukamata mali yenye sahihi za mashahidi. Mahakama itauliza kadi ilipita mikononi mwa nani tangu ilipotoka ukutani.

#4 Mtetezi Igoma
Wakili namheshimu, lakini uzi huu usiwape watu matumaini mepesi. Kosa la jinai hapo ni lipi hasa? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza *kuchapisha* ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Faini si chini ya milioni 20 au jela si chini ya miaka 7, na ikiwa ni ya uchafu uliokithiri, milioni 30 au miaka 10. Vizuri kabisa. Lakini huyu bwana hajachapisha, amerekodi. Mimi sijaona kwenye sheria hiyo kifungu kinachosema kwa maneno ya wazi kwamba kumrekodi mtu mzima kwa siri chumbani ni kosa hata kama video haijatoka nje. Wenzetu wengi duniani wanacho. Mpelelezi ataandika nini kwenye hati ya mashtaka?

Hapo ndipo wanawake wanapopotea. Unakwenda kituoni na uchungu wako, unaulizwa, "Video imesambaa?" Ukisema bado, unaambiwa subiri. Subiri nini? Isambae kwanza?

#5 Wakili wa Makoroboi
#4, ndiyo maana nimeanza na Katiba na taarifa binafsi, sikuanza na makosa ya mtandao. Kukusanya kwenyewe tayari ni uvunjaji wa sheria ya 2022. Akitoa kwa mtu mwingine anaingia kwenye adhabu ya kufichua: kwa mtu binafsi, faini hadi milioni 20 au jela hadi miaka 10, au vyote.

#6 Mtetezi Igoma
Na atakujibu, "Mimi si kampuni, ni baba wa familia mwenye vyumba viwili vya kupangisha, sheria hiyo ni ya mabenki na mitandao ya simu." Utamwambiaje?

#7 Wakili wa Makoroboi
Nitamwambia anapokea hela za wageni, basi ile si shughuli ya nyumbani kwake. Lakini nakubali watu watabishana mahakamani juu ya hilo.

#8 Fundi wa Nyakato
Mimi nafunga kamera, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo niseme ya kiufundi.

Hizo kamera za chaja ziko za aina mbili. Ya kwanza inaandika kwenye kadi tu, lazima mtu aje aitoe. Ya pili inaunganishwa na waifai ya nyumba, mtu anatazama kwenye simu yake hata akiwa Dar. Nyingi zinafanya yote mawili. Kwa hiyo swali la #1, "picha ziko wapi", jibu lake halimo kwenye kadi peke yake. Kama ilikuwa kwenye waifai, kuna akaunti, na akaunti ina barua pepe au namba ya simu. Hiyo ndiyo itakayosema nani alikuwa anatazama. Mpelelezi aombe na ruta na simu ya mwenye nyumba, asiridhike na chaja.

Kuna jambo wengi hamlijui. Programu za simu zinazoorodhesha vifaa vilivyo kwenye waifai haziioni kamera ya kadi. Mtu anaskani, anaona ruta na televisheni tu, anavua nguo kwa amani. Nyingine zina betri ndani, umeme ukikatika zinaendelea.

Njia ya uhakika kuliko zote ni ile ya shemeji. Zima taa zote, shika tochi usawa wa jicho, pitisha polepole. Kioo cha kamera kinarudisha kinukta cha mwanga. Anza na vitu vinavyotazama kitanda na bafu: chaja, saa ya mezani, king'amuzi, kitambua moshi. Ukikuta kitambua moshi chumbani na nyumba nzima hakuna kingine, jiulize kwa nini mwenye nyumba anaogopa moto wa chumba hicho tu. Kisha washa kamera ya mbele ya simu gizani. Zile taa za kuonea usiku, macho hayazioni, lakini simu nyingi zinazionyesha kama vidoa vyeupe au vya zambarau.

Na mimi nawaambia wateja wangu: chumbani na bafuni sifungi. Unilipe utakacho.

#9 MwenyeVyumba Buswelu
Naomba na sisi wenye nyumba tusikilizwe, tusiwekwe wote kwenye kapu moja. Nina vyumba vinne vya siku. Nimeibiwa televisheni, nimeibiwa pasi, mgeni mmoja alibeba hadi shuka na kichwa cha bomba la mvua. Ukienda kituoni unaulizwa una ushahidi gani. Nimeweka kamera getini na koridoni, zinaonekana, na nimebandika karatasi. Mbona wageni wazuri hawalalamiki?

Huyo wa #1 amekosea kuweka chumbani, simtetei. Ila mkianza kusema kamera yoyote ni kosa, mnawaachia wezi. Hata hao Airbnb wanaruhusu sebuleni, ilimradi umeandika kwenye tangazo.

#10 Binti Kamachumu
#9, nikurekebishe hapo. Airbnb walikuwa wanaruhusu kamera za maeneo ya pamoja kama zimetajwa. Machi 2024 wakatangaza kuzipiga marufuku ndani ya nyumba kabisa, dunia nzima, kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Haijalishi umeandika, haijalishi imezimwa. Za nje zinaruhusiwa kama umezitaja na hazitazami ndani, wala mahali pa faragha kama bafu la nje. Kifaa cha kupima kelele kinaruhusiwa maeneo ya pamoja, mradi kimetajwa.

Nafanya usafi na kupokea wageni kwenye nyumba za aina hiyo huku Bukoba, ndiyo maana nazijua hizo kanuni. Kasoro ni kwamba #1 alipata nyumba kwa dalali wa WhatsApp. Hakuna kampuni ya kumfutia mtu tangazo, hakuna wa kukurudishia hela.

#11 MwenyeVyumba Buswelu
Ahsante dada, hilo la 2024 ni jipya kwangu. Ya kwangu ya koridoni inatazama milango tu, haitazami ndani.

#12 Fundi wa Nyakato
Mlango ukifunguliwa inaona nini?

#13 KokotoLaBismarck
Fundi kauliza swali la kiutu uzima hapo. Kaka wa Buswelu, jibu tunalisubiri.

#14 Chapakazi Mkolani
Mimi nasema ukweli ambao hamtaki kuusema. Nusu ya wanaolala hizo apatimenti hawatakwenda polisi hata wakute kamera kumi, kwa sababu aliye kitandani siye aliye nyumbani. Na wenye kamera wanalijua hilo.

#15 Mama Dagaa
#14 umesema kama utani, lakini ni kweli, na hata aliye peke yake hasalimiki. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Nalala gesti nyingi za huku ziwani, visiwani na ng'ambo. Siku moja ikaja video kwenye WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Sekunde chache tu. Ni mimi, naoga. Nikatambua ni gesti gani kwa ndoo. Ndoo ya kijani yenye mpini uliofungwa kwa waya, na nyuma yake pazia la plastiki lenye picha za samaki, limechanika pembeni. Nilikuwa nimelala hapo msimu uliopita. Chini ya video kaandika kiasi anachotaka na kwamba ana namba za wateja wangu na za mume wangu.

Nilitetemeka, lakini hela sikutuma. Nilimwonyesha mume wangu usiku uleule. Tukaenda kituo cha polisi. Kijana wa kaunta akaniuliza mbele ya watu wote, "Ulikuwa na nani?" Nikamjibu nilikuwa na sabuni! Mume wangu akataka kupandwa na hasira, nikamzuia. Bahati nzuri mama mmoja askari akatoka, akatuingiza Dawati la Jinsia na Watoto, mlango ukafungwa, nikaeleza nikiwa nimekaa kama binadamu. Akaandika yote, akanipa RB.

Mpaka leo haijafika mahakamani. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa kijijini asiyejua lolote. Mwenye gesti anasema si yeye, mlinzi ameacha kazi, mhudumu ameolewa. Kila mmoja ana maneno yake. Video haijasambaa, nashukuru Mungu, lakini nikisikia simu inaita namba ngeni moyo unaruka.

Kwa hiyo MwanaIsamilo, mwambie mdogo wako aende moja kwa moja Dawati la Jinsia. Asiongelee kaunta.

#16 Mtetezi Igoma
Mama, pole, na hongera kwa kutotuma hela. Anayetuma mara ya kwanza huongezewa bei. Kwako kifungu kipo wazi: cha 23 cha sheria ileile ya 2015, kutuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumtia mtu uchungu. Faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3. Zaidi ya hapo kuna kosa la kudai mali kwa vitisho kwenye Kanuni ya Adhabu. Usifute ule ujumbe. Skrinshoti ibaki na namba, tarehe na saa, na simu yenyewe itunze, usiiuze.

#17 Binti Kamachumu
Niongeze kwa Mama Dagaa na yeyote anayetishiwa hivyo. Kuna huduma ya bure inaitwa StopNCII.org, inaendeshwa kutoka Uingereza. Unachagua ile picha au video kwenye simu yako, inatengenezewa alama ya kidijitali, na alama hiyo ndiyo inayotumwa kwa mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok. Video yenyewe haiondoki kwenye simu yako. Mtu akijaribu kuipandisha huko, inatambuliwa na kuzuiwa. Haifanyi kazi kwenye mitandao ambayo haijajiunga, lakini inapunguza njia. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna nyingine inaitwa Take It Down, ya Marekani.

#18 Mama Dagaa
Ahsante mwanangu. Nitamwambia binti yangu anifanyie leo.

#19 Jirani wa Kisumu
Hamjambo majirani. Sisi upande huu wa ziwa tuna sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta. Kifungu cha 37 kinamlenga anayesambaza picha za faragha za mtu, faini hadi shilingi 200,000 za Kenya au miaka miwili. Kwa hiyo lile pengo la #4 hata sisi tunalo hapo, ni kusambaza ndiko kunakotajwa.

Lakini Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imeonyesha meno. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Huyo mteja alikuwa amekaa baa, amevaa nguo zake! Sasa pimeni mtu aliyepigwa kitandani. Tume yenu ni changa, Rais wenu aliizindua Aprili 2024. Inahitaji kesi za kuanzia. Hii ya #1 ni nzuri.

#20 Chapakazi Mkolani
Jirani, karibu. Lakini mdogo wake mtu asigeuzwe kesi ya majaribio. Atataka jina lake litajwe kila gazeti?

#21 Mtetezi Igoma
Hilo ni lake kuamua yeye, si letu na wala si la kaka yake. Lakini bila anayesimama, hakuna kitakachobadilika.

#22 Mzee wa Ukara
Vijana, mmeharakisha kumhukumu mwenye nyumba. Nilisoma habari ya Korea Kusini, Machi 2019. Polisi walikuta wageni kama 1,600 wamerekodiwa kwenye vyumba 42 vya nyumba 30 za kulala wageni, katika miji 10, na picha zikirushwa moja kwa moja mtandaoni kwa walipiaji. Kamera zilifichwa kwenye ving'amuzi, soketi na vishikio vya mashine za kukaushia nywele. Na polisi walisema hawakuona dalili kwamba wenye nyumba walihusika. Yaani mtu anaweza kulipia chumba, akatega, akaondoka. Kwa Mama Dagaa, inaweza kuwa ni mgeni aliyetangulia.

#23 Wakili wa Makoroboi
Mzee wangu, shikamoo. Kwa Mama Dagaa inawezekana. Kwa #1 haiwezekani, mwenye nyumba ameshasema kifaa ni chake na anakidai.

Lakini hata akiwa ni mgeni mwingine, mwenye nyumba hatoki hivihivi. Mtangazaji wa michezo wa Marekani, Erin Andrews, alirekodiwa mwaka 2008 hotelini Nashville na mtu aliyechezea lile tundu la mlangoni la kuchungulia anayebisha hodi. Mtu huyo aliomba chumba cha jirani na chake, akapewa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 55, na asilimia 49 ya lawama likaweka kwa upande wa hoteli. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi wa kule, na viwango vya fidia vya huku si vile. Lakini hoja ya kwamba mwenye nyumba ana wajibu wa uangalizi inajengeka hata hapa.

#24 Mzee wa Ukara
Marahaba. Lakini huyo wa Marekani alikuwa maarufu na mwenye mawakili. Huyu wetu atalipwa kilo ngapi za sangara?

#25 MwanaIsamilo
Wakuu, nimerudi na taarifa. Shukrani kwa wote.

Jana tulikwenda Dawati la Jinsia kama Mama Dagaa alivyoshauri. Tumepata RB. Chaja imepokelewa, imeandikwa kwenye hati hadi namba ndogo zilizo nyuma yake, shemeji na mwenyekiti wa mtaa wakasaini. Mpelelezi alikwenda na shemeji hadi kwenye nyumba, nami nilifuatana nao. Kwenye ile soketi sasa kuna chaja nyingine, ya kawaida. Ruta haipo. Umebaki waya unaning'inia na alama ya vumbi ya mstatili pale ilipokuwa.

Na mwenye nyumba amebadilisha maneno. Mbele ya mpelelezi amesema kamera si yake, kwamba huenda ni ya kijana anayefanya usafi, na kwamba asubuhi ile alidhani anaulizwa kuhusu kamera ya getini. Kijana wa usafi yeye anasema kila kitu chumbani alikikuta. Dalali hapokei simu.

#26 Fundi wa Nyakato
Ruta haipo? Hapo kuna mtu anayejua anachoficha. Lakini msikate tamaa, kadi ina mengi. Kamera hizi wakati wa kuziweka, mtu anaichomeka, anaielekeza, anasogea nyuma kutazama kama imekaa sawa. Mara nyingi faili la kwanza kabisa lina sura ya aliyeiweka, kama kadi haijazunguka na kufuta ya zamani.

#27 Binti Kamachumu
Jamani huyo kijana wa usafi tumuangalie kwa huruma. Mimi ndiyo kazi yangu. Unapewa ufunguo, ndoo na orodha, hujui nani kachomeka nini. Likitokea baya, wa kwanza kutajwa ni wewe kwa sababu huna wakili. Anaweza kuwa yeye, sikatai, wapo wenye tabia hizo. Lakini kijana wa usafi angekuwa na haja gani ya kung'oa ruta?

#28 MwenyeVyumba Buswelu
Angeweza kuing'oa kwa sababu hiyohiyo, kuficha akaunti yake. Usafi wanaingia vyumbani kuliko sisi. Mimi nimeshamfukuza mmoja kwa kuchungulia dirishani.

#29 Mtetezi Igoma
Na kabla ya maneno mapya kuna ujumbe wa "nirudishie kifaa changu". Mtu hadai kwa vitisho kifaa ambacho si chake.

#30 Chapakazi Mkolani
Nje ya mada kidogo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Geita na Sengerema wanakuja mjini na kurudi siku hiyohiyo, hakuna tena kulala kwa sababu ya kuchelewa kivuko. Gesti za njia ile zinalia. Sasa na habari hizi za kamera, wenye vyumba mjiandae.

#31 MwenyeVyumba Buswelu
Daraja halijaniharibia kitu, limeniletea watalii wa ndani. Kinachoniharibia ni huyo wa #1.

#32 Mama Dagaa
Mimi nina swali linaloniumiza. Mara nyingine nasafiri na mtoto. Akirekodiwa yeye je?

#33 Wakili wa Makoroboi
Mama, hapo sheria ni kali zaidi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu ponografia ya watoto, adhabu yake inaanzia faini ya milioni 50 au jela si chini ya miaka 7. Ipo pia Sheria ya Mtoto ya 2009. #1, kama kwenye hiyo nyumba kuna familia zililala na watoto, mpelelezi aambiwe mapema. Kadi ile inaweza kuwa na watu ambao hata hawajui.

#34 MwanaIsamilo
Hilo la wageni wengine halikuwa limenijia. Dalali alikuwa akirusha kwenye kundi lake picha za familia zilizolala hapo, kama tangazo. Nitalipeleka kesho.

Wakili, na fidia? Shemeji anataka kujua kama akisubiri polisi wamalize atakuwa amechelewa.

#35 Wakili wa Makoroboi
Madai ya kutendewa ubaya kama huu yana ukomo wa miaka 3, ya kuvunjiwa mkataba miaka 6. Muda upo, ila asiulalie. Malalamiko kwa Tume hayasubiri polisi, yanakwenda sambamba, na Tume inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90, japo inaweza kujiongezea. Kama hana hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wapo hapa Mwanza, huduma ni bure. Ushahidi wa WhatsApp unapokelewa chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama itaangalia umetunzwaje.

#36 Mtetezi Igoma
Bado narudi palepale, wakili. Tume itamtoza, mahakama itampa dada fidia, lakini je, atafungwa kwa *kurekodi*? Mbunge yeyote anayesoma hapa aandike hicho kifungu.

#37 Wakili wa Makoroboi
Nami nakujibu palepale: tusome kadi kwanza, huenda kusambaza tayari kumo humo. Ukikuta akaunti ya Telegram iliyounganishwa, hoja yako imekwisha.

#38 Jirani wa Kisumu
Na dalali? Yeye alipokea hela akaweka mfukoni asilimia yake. Huku kwetu tungemuunganisha.

#39 Wakili wa Makoroboi
Inategemea alijua nini. #1, mwambie shemeji asifute chochote alichozungumza naye, hasa ujumbe wa sauti, kama dalali alimtumia, wakati wa kumwelekeza nyumba. Aliahidi faragha? Alitaja kamera yoyote? Alipokea malipo kwa namba ya nani? Nakala ya muamala aiombe kwa kampuni ya simu mapema, na yote yaende kwa mpelelezi kwenye bahasha moja na RB.

#40 MwanaIsamilo
Sauti ipo. Anasema, "Hapo mtalala kwa amani, hakuna wa kuwasumbua, mwenye nyumba mwenyewe anaangalia kila kitu." Nimeisikiliza tena sasa hivi na mdogo wangu. Tunaipeleka asubuhi.